Mti wa Saveta

Jumatatu ile ya mwisho wa Mei, mdogo wangu Sabin alikuwa jikoni akipima wadudu kwa kikombe cha dawa ya kikohozi, na mimi nilikuwa nasonga ugali. Hakukuwa na la ajabu. Kila Jumatatu alishuka kutoka msituni na chupa kumi na mbili, kila moja na mtego wake, akazimimina kwenye chujio la chai, akatoa vipande vya majani na nzi waliopotea njia, kisha akapima kilichobaki. Mililita moja ni dumuzi arobaini. Hakuna anayehesabu mmojammoja. Angehesabu mpaka siku ya kiama.

Dumuzi ninaowasema si wale wa mahindi. Ni wa magome. Wadogo kama punje ya mchele, weusi, wanatoboa gome la msonobari, wanataga humo ndani, na watoto wao wanakula kuelekea kila upande mpaka mti unakauka umesimama. Mmoja akipata mti dhaifu anatoa harufu ya kuwaita wenzake, na wenzake hawachelewi. Sabin alikuwa amenunuliwa harufu hiyo na kituo chake cha utafiti, kwenye vifuko, akaitundika ndani ya mitego myeusi kuzunguka kijiji cha Vălenița, na kwa miaka minne akawa anajaribu kuonyesha kwamba msitu unaweza kuokolewa bila kuukata wote. Si msitu wa kuchezea. Umeshika mteremko mzima, na chini ya mteremko kuna nyumba arobaini. Miti ikifa, udongo utashuka kuwasalimia watu vitandani.

Mimi niko maabara mjini, kituo hichohicho cha utafiti. Nilikuwa nimechukua likizo nije kumsaidia, kwa sababu Septemba, akiwa na miaka thelathini na minne, alikuwa anamwoa Ilinca na nilitaka amalize kazi kabla hajawa mume wa mtu. Niseme mapema: siamini uchawi. Siamini semina pia, wala maneno kama "wadau". Ninaamini kinachopimika.

"Dada," Sabin aliniita. "Njoo uone namba tisa."

Mitego mingine ilikuwa imetoa mililita thelathini, arobaini. Namba tisa ulitoa mia tatu na kumi, na chupa ilikuwa imefurika.

"Uko wapi huo?"

"Nyuma ya makaburi."

Kijiji hakikutupenda, na hakikujificha. Mitego minne ilikatwa kwa shoka mwaka wa kwanza. Mmoja ulijazwa mavi ya ng'ombe mpaka juu, kazi iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Dukani mazungumzo yalikatika tukiingia, kisha mwenye duka akauliza, kila siku, kwa sauti ileile:

"Daktari wa chawa, wagonjwa hawajambo?"

"Wanakusalimia," Sabin alimjibu. "Wanauliza kama kwako kuna nafasi."

Walicheka wote, isipokuwa macho yao.

Basi tulienda makaburini, na chanzo tulikiona tukiwa bado getini.

Kwetu, kijana akifa hajaoa, au msichana hajaolewa, hazikwi peke yake. Wanaume wanapanda mlimani alfajiri, wanakata msonobari mchanga, wanauremba kwa nyuzi za sufu, kengele na leso, wanauleta mbio bila kuutua chini, na wanawake wanauimbia njiani kama wanavyomwimbia bwana harusi. Unasimikwa kichwani pa kaburi na unakaa hapo mpaka uanguke wenyewe. Hakuna anayeugusa. Si kuni, si boriti. Ni mume wa mtu, au mke.

Mti uliokuwa pale ulikuwa wa Saveta, aliyekufa Machi kwa mapafu akiwa na miaka ishirini na miwili. Majani yalishageuka rangi ya kutu. Gome lilikuwa limetobolewa kama kichungi, na unga wa kahawia ulikuwa umemwagika juu ya kaburi kama vile mtu amepigwa kumbo akiwa na mfuko wa kahawa.

"Hiki ni kitalu chao," Sabin alisema polepole. "Wanazaliwa hapa. Wiki tatu zijazo wanaruka wote, na wakiruka wanapanda juu." Alitazama mteremko. "Kazi yangu yote, dada. Na hizo nyumba."

Alikuwa ameweka kiganja kwenye shina. Nyuma yetu ndoo ilitua chini.

Paraschiva, mama yake Saveta, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mweusi wa nguo kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi.

"Shikamoo, mama," Sabin alisema.

"Marahaba. Ondoa mkono."

Akauondoa. "Mama, mti huu una wadudu. Ningeomba tu tuuondo—"

"Una mke."

"Ninaelewa. Lakini wakitoka humu, msitu wote wa juu—"

"Msitu sikuuzaa mimi." Hakupandisha sauti. "Niliyemzaa amelala hapo unapokanyaga. Nenda kahesabu chawa wako, kijana. Na wewe uliyesoma," aliniambia, bila kunitazama, "mfundishe nduguyo kwamba mume wa watu hapapaswi."

Tulimwendea padri Axente, mtu mnene mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Alisikiliza hadi mwisho, akakuna shavu.

"Mimi sijakataza," alisema. "Wala sijaruhusu. Jumatatu ya Pentekoste watu wote watakuwa kanisani, halafu mezani. Mimi nitakuwa nimekwenda kubariki ng'ombe. Sikuwaona."

Alisoma theolojia miaka minne ili aweze kusema sentensi hizo.

Sabin hakutaka. Naliandika hili kwa sababu baadaye watu walisema ni kiburi chake, na si kweli. Alikaa jikoni siku mbili akichora ramani za upepo, akisema labda tuwaombe tena, labda tumpelekee mama yule mti mwingine. Mimi ndiye niliyesema, nikiosha vyombo:

"Usiukate basi. Umenye tu. Gome likitoka, wadudu wanakufa, mti unabaki umesimama na mapambo yake. Nani atajua? Ni nusu saa."

"Ataona ni mweupe."

"Atadhani umekauka. Sabin, ni mti. Ulikatwa kwa shoka mwezi wa tatu. Haumjui mtu."

Jumatatu ya Pentekoste hakuna anayefanya kazi kijijini. Bibi zetu walisema anayeshika chombo siku hiyo "anachukuliwa", na hawakueleza na nani. Tuliingia makaburini saa sita kasoro dakika chache, jua likiwa juu ya vichwa. Kengele za kanisa zilikuwa zimekwisha kulia. Hakukuwa na upepo. Tulitandika karatasi ya plastiki juu ya kaburi, na Sabin akaanza kufungua mapambo: nyuzi nyekundu, kengele nne, na leso nyeupe iliyotariziwa, iliyofungwa kwenye shina usawa wa kifua.

Nyuzi na kengele alinipa mimi. Leso hakutaka iguse ardhi. Aliikunja na kuitia mfuko wa shati, upande wa kushoto.

Nilimwona akifanya hivyo. Nimezaliwa huku. Nimehudhuria harusi hamsini, na katika zote bwana harusi huvaa leso ya bi harusi hapohapo, juu ya moyo. Nilimwona, na sikusema kitu, kwa sababu mtu aliyesoma haoni vitu kama hivyo.

Alichukua kisu cha mishikio miwili, akakivuta kutoka juu.

Gome la mti uliokauka hutoka na kelele, kama mkate mkavu. Hili lilitoka kimya. Lilitoka kama ngozi. Chini yake palikuwa pamelowa, na nilipoweka kidole palikuwa na joto. Nilisema ni jua.

"Dada." Sabin alikuwa ameinama juu ya gome. "Tazama."

Njia za dumuzi zilikuwa zimechongwa pote, mama na watoto, matawi kwa matawi. Tuligeuza kipande baada ya kipande. Hapakuwa na buu. Hapakuwa na mkubwa. Hapakuwa na maiti hata moja. Na matundu yote yalikuwa ya kuingilia.

"Wameingia," Sabin alinong'ona. "Hawajatoka. Na hawamo."

Tulimaliza kwa haraka. Tulirudisha nyuzi, tulirudisha kengele, tukabeba magome kwenye gunia na kuyachoma nyuma ya nyumba. Mti ulibaki pale mweupe, mwembamba, unang'aa. Niligeuka getini kuutazama. Ulifanana na mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu.

Leso tuliisahau mfukoni.

Jumatatu iliyofuata chupa zote kumi na mbili zilikuwa tupu. Sisemi pungufu. Tupu, zimekauka, kama zilizotoka dukani. Sabin alikagua vifuko vya harufu, akabadilisha vyote, akarudi, akaketi kwenye benchi nje na sahani ya jibini. Ilikuwa saa sita mchana. Nilikuwa dirishani.

Dumuzi wa kwanza alitua begani mwake. Kisha wa pili. Kisha shati lilianza kuwa jeusi.

Hawakumng'ata. Walitua kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, wakakunja mbawa, wakatulia. Hakuwafukuza. Alikuwa ameshika kipande cha jibini karibu na mdomo na hakukila, na macho yake yalikuwa yanatazama upande wa makaburi. Niliita jina lake mara tatu. Ilipofika saa saba waliruka wote kwa pamoja, naye akatia jibini mdomoni.

"Umeona?" nilimuuliza.

"Nimeona nini?"

Nilijipa maelezo. Ameshika vifuko siku nzima, harufu imeingia nguoni, wadudu hawana akili. Nilichemsha nguo zake. Nilimsugua mgongo kwa siki kama mtoto. Kesho yake saa sita walikuja tena, nao walikuwa wengi zaidi.

Siku ya tatu alikuja Paraschiva.

Alisimama nje ya uzio. Nguo nyeusi alikuwa amezivua. Mama aliyefiwa na mtoto havui nyeusi kabla ya mwaka, hata nyumba ikiungua. Yeye alikuwa amevaa shati jeupe la kutarizi, mkufu wa shanga, na kitambaa cha maua. Mkononi alikuwa na mkate wa duara wa kusuka. Alimtazama Sabin kifuani. Ncha ya leso ilikuwa imechungulia mfukoni. Lilikuwa shati jingine. Lile la Pentekoste nililichemsha kwa mikono yangu na halikuwa na kitu mfukoni.

"Habari za leo, mkwe," Paraschiva alisema.

Nilingoja Sabin acheke. Alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Njema, mama."

"Umekonda. Utakula?"

"Nitakula, mama."

"Usile," nilimnong'oneza. Alikuwa ameshaumega.

Nilitoka nje, nikamwendea yule mama mpaka tukatenganishwa na ubao wa uzio tu. Leso nilikuwa nimeichomoa mfukoni mwa Sabin njiani, nikamnyooshea. "Chukua. Tulikosea. Tunaomba radhi. Nirudishie ndugu yangu, tuache."

Aliitazama leso mkononi mwangu kama mtu anayetazama tonge lililoanguka chini.

"Nilimpa mwanangu mume," alisema. "Mrefu, mnyoofu, wa mlima wa juu. Wanaume saba walimbeba. Wewe na nduguyo mkaja mkamvua nguo, mkamchoma ngozi. Sasa unanipa kitambaa?"

"Tutakata mti mwingine. Leo hii."

"Mtu havuliwi nguo ya harusi akaivaa mwingine halafu akasema nimeivua, haya, samahani." Aliinamisha kichwa kidogo, kwa heshima, kuelekea kwa Sabin. "Harusi ni ya Yohana. Msichelewe."

Siku ya Mtakatifu Yohana ni tarehe ishirini na nne Juni. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilipakia vitu vyetu jioni hiyohiyo, nikamwendesha mdogo wangu mpaka mjini, mpaka kwa Ilinca. Ilinca ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kicheko kikubwa, asiyebabaishwa na chochote. Nilimwambia Sabin amechoka, asimwache peke yake. Leso niliichoma kwenye jiko la gesi nikiishika kwa koleo. Iliungua kama kitambaa chochote.

Siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu Ilinca alinipigia simu.

"Wifi," alisema. Alikuwa anaongea chini sana. "Saa sita anasimama."

"Anasimama vipi?"

"Anasimama tu. Wima. Anaacha alichokuwa anafanya, anaenda kwenye roshani, anaelekea milimani. Mikono chini. Nimemshika mkono, wifi."

"Na?"

"Unanata."

Daktari alimpima damu, akampiga picha ya kifua, akasema ni msongo wa kazi. Akaandika vidonge na likizo, kana kwamba likizo si ndiyo iliyotufikisha hapo. Asubuhi Ilinca alikung'uta shuka. Kulikuwa na unga mahali alipolala Sabin, kidogo, wa kahawia, umefuata umbo la mgongo. Aliukusanya kwenye bahasha akaniletea kazini, hakutaka kuifungua mbele yangu. Niliuweka chini ya hadubini na kufunga mlango.

Ulikuwa mbao. Msonobari. Mbichi.

Usiku ule, na kila usiku uliofuata, tulilala wote watatu chumba kimoja, mimi nikiwa nimelala mlangoni. Sabin alitutania. "Mnanilinda kama mahari," alisema. Mchana alikuwa Sabin wetu kabisa, anabishana kuhusu mpira, anapika vibaya. Ila saa sita. Kila siku alikaa huko muda mrefu kidogo zaidi. Dakika sitini. Dakika themanini. Nilipima.

Tarehe ishirini na tatu nilimuuliza uso kwa uso.

"Unaenda wapi ukisimama pale?"

Alifikiri. Hakuwa na hofu, na hilo ndilo lililonivunja. "Siendi popote, dada. Ni kama watu wananiita kwa jina zuri kuliko langu." Kisha akanishika mkono. "Usiniache niende. Nikikuomba uniache, usiniache."

Niliahidi.

Asubuhi ya Yohana nilitoka dakika kumi kununua maziwa. Ilinca alikuwa anaoga. Niliporudi mlango ulikuwa wazi, na kwenye kabati hanga ya suti ilikuwa tupu. Suti ya Septemba. Ilikuwa imetoka kwa fundi juzi.

Tulimtafuta mtaani saa mbili kabla sijakubali nilichokuwa nakijua. Ni mwendo wa saa mbili kwa gari mpaka Vălenița. Niliendesha kwa saa moja na dakika ishirini. Joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Kijiji kilikuwa kitupu, milango imefungwa, hakuna mbwa. Niliacha gari katikati ya barabara na kukimbia.

Wanawake walikuwa makaburini. Ishirini hivi, nguo nyeupe, shanga, maua ya manjano kichwani. Hawakuwa wanaimba tena. Walikuwa wameketi kwenye nyasi wakila ngano tamu ya kuchemshwa kwa vijiko, kama watu waliomaliza kazi. Saa yangu ilisema sita na robo.

Nguzo nyeupe tuliyoimenya ilikuwa imeng'olewa na kulazwa kando ya ukuta.

Mahali pake palikuwa na mti.

Msonobari wa kijani. Haukuwa umesimikwa. Nyasi zilikuwa zimeushika shina pande zote, mizizi ilikuwa imetokeza juu na kuingia tena chini, na kuvumwani ya kijani ilikuwa imepanda juu yake. Mti uliomea palepale unaonekana. Hauletwi kwa mkono asubuhi. Ulikuwa na kimo cha mtu mrefu, na kwenye shina, usawa wa kifua, ulikuwa umefungwa leso nyeupe.

"Sabin yuko wapi?"

Paraschiva hakuinuka. "Sema taratibu. Watu wamechoka."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Kwake."

"Ni mimi niliyesema umenywe. Yeye alikataa. Ni mimi. Nichukueni mimi."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, na kulikuwa na kitu kama huruma, nacho kilikuwa kibaya kuliko chuki.

"Binti yangu afanye nini na wewe?"

Niliurukia mti. Niliukumbatia shina kwa mikono miwili na kuvuta. Ulikuwa na joto. Ulinata. Utomvu uliingia kwenye nywele, kwenye kope. Nilivuta mpaka kitu kikalia chini ya ardhi, mlio mfupi, mkavu, na matawi yote yakatetemeka. Hakukuwa na upepo.

Mwanamke mmoja alinisogelea kutoka nyuma, mzee, akaniwekea mkono begani.

"Usivute, mwanangu," alininong'oneza. "Unamuumiza."

Nikaacha.

Polisi walikuja. Mbwa wao alinusa shati la Sabin, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mti, akalala chini, akakataa kuinuka. Afisa aliandika kwamba mbwa ana joto. Dereva wa basi alikumbuka kijana wa suti. Padri Axente alikuwa amekwenda kubariki ng'ombe. Mwisho wakahitimisha kwamba ameenda Italia, kama nusu ya vijana wa bonde lile, na kwamba wanaume wengi huenda Italia harusi ikikaribia. Ilinca alimpiga kofi aliyesema hivyo. Suti ya harusi haijaonekana mpaka leo.

Dumuzi hawakurudi. Kiangazi chote hakuna mti mmoja uliokauka kwenye mteremko ule, na mwezi wa kumi kituo chetu kilitoa ripoti yenye picha za rangi ikisema mbinu ya mitego imefaulu. Mkuu aliniomba niseme maneno machache kwenye semina, kwa niaba ya marehemu mtarajiwa. Alitumia maneno hayo.

Novemba ikaja amri kutoka ofisi ya misitu: kabla ya theluji, misonobari yote ya makaburini ikaguliwe, na yenye wadudu imenywe. Jina la mkaguzi lilikuwa langu.

Nilikwenda peke yangu na keekee. Kazi yangu ya maabara ni hiyo: tunatoboa mti kwa keekee nyembamba yenye tundu, inatoka kipande cha ubao kama penseli, tunasoma miduara. Mwaka mmoja, mduara mmoja. Mwaka mbaya, mduara mwembamba. Paraschiva alisimama upande wa pili wa kaburi, mikono imefumbata, akanitazama nikizungusha. Nilizungusha polepole. Niliomba radhi kwa kila mzunguko, moyoni, kisha kwa mdomo.

Ile nguzo tuliyoimenya ilikuwa na miduara kumi na minne; niliihesabu kwenye mkato wake palepale ukutani. Huu ulikuwa na thelathini na minne. Nilihesabu mara nne. Nikampa mwenzangu ahesabu bila kumwambia umetoka wapi, akapata thelathini na minne, akaniuliza: "Mwaka wa tisa ulipatwa na nini huu mti? Ulivunjika?"

Mwaka wa tisa Sabin alianguka kutoka kwenye mti wa jozi wa babu na kukaa na plasta miezi mitatu. Mkono wa kulia. Nilimwambia mwenzangu labda ni theluji.

Kwenye fomu niliandika: Hauna wadudu. Usiguswe. Nikatia sahihi, mimi ninayeamini kinachopimika. Paraschiva aliisoma fomu yote, polepole, kidole chini ya kila neno. Kisha akanikaribisha supu. Nilikataa. Najua nitakubali siku moja, kwa sababu Jumapili naenda kufagia pale, na yeye anafagia upande wake, na hatuna wengine.

Kipande kile cha ubao tunakihifadhi ndani ya mrija wa soda, ndivyo tufanyavyo kwa vyote. Kiko kwenye droo yangu. Siku nilipokitia kilikuwa sentimita tisa na milimita mbili, nimeandika kwenye lebo, na nilikata mrija ulingane nacho sawasawa.

Leo ni tarehe kumi na tisa Januari. Kimetokeza nje. Nimekipima mara tatu. Tisa na milimita saba, na ncha yake imelowa.